Sura ya Sita: Mke Mmoja, Ndoa Tatu

Katika bonde la Ruzizi, binti akiolewa kwa utaratibu wote huolewa mara tatu na mume yuleyule. Mara ya kwanza ni nyumbani, siku wazee wa pande mbili wanapokaa pamoja, mali ikatajwa, ikajadiliwa na kupokelewa, iwe ng'ombe, mbuzi au dola zilizohesabiwa kwa bei ya ng'ombe. Mara ya pili ni kanisani au msikitini. Mara ya tatu ni mbele ya Leta, yaani serikali, kwenye ofisi ya hali ya raia, ambako karani huandika majina mawili katika daftari na kutoa cheti.

Katogota iko kwenye Barabara ya Kitaifa namba 5, kati ya Kamanyola na Luvungi, katika teritwari ya Uvira nchini Kongo. Hapa, kama katika vijiji vingine vya bonde, ndoa ya kwanza ndiyo inayompa mwanamke heshima ya kuitwa bibi wa fulani. Ya pili humpa baraka na nafasi yake kati ya akina mama wa kanisa au wa msikiti. Ya tatu husogezwa mbele: baada ya mavuno, baada ya mtoto wa kwanza, siku tukishuka Uvira. Wengi huzeeka bila siku hiyo kufika. Na katika hizo tatu, sheria ya nchi inaihesabu hiyo ya mwisho.

Mjadala wa sheria za familia katika nchi zenye dini nyingi kwa kawaida huwa juu ya swali moja: je, kila dini iachwe na sheria yake, au wote wawekwe chini ya sheria moja? Uhindi imebishana juu ya jambo hilo tangu katiba yake ya 1950, ambayo kifungu chake cha 44 kinaiagiza serikali ijitahidi kupata sheria moja ya kiraia kwa raia wote. Kongo ililijibu swali hilo mwaka 1987 kwa kuchagua sheria moja. Lakini hali ya mjane wa kijiji kama Katogota inatuonyesha kwamba jibu hilo lilikuwa nusu ya kazi. Sheria moja isiyowafikia watu pale wanapooana huwaacha mikononi mwa mila na dini, tena bila ulinzi ambao hata mila na dini zenyewe zingeweza kuutoa.

Sheria mbili za mkoloni

Mkoloni, kabla na baada ya Ubelgiji kuichukua nchi, hakuwatawala Wakongo wote kwa sheria moja. Kitabu cha kwanza cha sheria ya kiraia, kilichohusu watu na familia zao, kilitolewa kwa dekreti ya 4 Mei 1895, nacho kiliwahusu Wazungu na Wakongo wachache walioandikishwa kuwa sawa nao. Mfuliiru, Mvira, Mbembe au Mrundi wa bondeni aliachiwa mila ya kabila lake, mradi isigongane na utaratibu wa utawala.

Hata hivyo mkoloni, akisukumwa na wamisionari, alianza kuingiza mkono katika mila hiyo. Dekreti ya 5 Julai 1948 ililinda ndoa ya mke mmoja, na ile ya 4 Aprili 1950 ikapiga marufuku ndoa mpya za wake wengi kuanzia 1 Januari 1951. Waliokwisha kuoa wake wawili au watatu kabla ya hapo waliachwa nao. Waliooa baada ya hapo waliendelea kuoa nyumbani, bila daftari.

Dini nazo zilikuwa zimeshajenga nyumba zao ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta ni kituo cha biashara cha watu waliotoka pwani na Ujiji, na Uislamu ulishika mizizi kandokando ya ziwa kwa njia hiyo. Mwaka 1921 walikuja Wapentekoste kutoka Uswidi, ambao kazi yao ndiyo mwanzo wa jumuiya inayojulikana leo kama CEPAC. Kanisa Katoliki nalo lilikuwepo, ingawa dayosisi yake ya Uvira iliundwa baadaye, mwaka 1962. Kila dini ilikuja na ndoa yake: ndoa ya sakramenti isiyovunjika, ndoa inayobarikiwa na mchungaji, nikahi yenye walii, mashahidi na mahari.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi ilirithi mchanganyiko huo wote. Ilichukua miaka 27 mpaka Sheria namba 87-010 ya 1 Agosti 1987, yaani Sheria ya Familia, iliyoanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Waliotunga walisema wanataka sheria ya Kizaire (Kongo iliitwa Zaire wakati huo), si nakala ya Ubelgiji, na kweli walichukua mengi kutoka kwenye mila. Kifungu cha 361 kilifanya mali ya uchumba kuwa sharti la ndoa, hata ikiwa ya alama tu. Kifungu cha 368 kiliruhusu ndoa ifungwe nyumbani kwa desturi za wahusika, kisha iandikishwe. Watoto waliokuwa wakiitwa wa nje walipewa ulinzi mkubwa, kwa kuwa sheria inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake.

Dini haikupewa mlango kama huo. Padri, mchungaji na imamu wanaweza kubariki, lakini baraka yao haimfanyi mtu awe mume au mke mbele ya hakimu. Ndoa ya pili juu ya ndoa iliyo hai ilikataliwa kwa wote, Mwislamu na asiye Mwislamu. Talaka nayo ilitolewa mikononi mwa mume na mwa ukoo ikakabidhiwa mahakama. Kwa Mwislamu wa Uvira, hiyo ilimaanisha kwamba nikahi yake, talaka yake na mirathi yake vilibaki kuwa mambo ya imani tu.

Hesabu ya shamba

Thamani ya cheti cha ndoa inaonekana siku ya msiba. Tuchukue mume na mke wa bondeni walionunua shamba baada ya kuoana, wakalilima pamoja mpunga na mihogo. Mume anakufa, anaacha watoto waliotambuliwa, wazazi na ndugu. Tuligawe shamba hilo katika mafungu 24 yaliyo sawa.

Ikiwa walikuwa na cheti na hawakuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inawahesabu kuwa walishirikiana mali yote waliyoichuma katika ndoa. Kwa hiyo mafungu 12 ni ya mke kabla ya kuzungumza urithi wowote. Hayo hayakuwahi kuwa ya marehemu. Yanabaki 12. Watoto wanapata robo tatu, yaani mafungu 9. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mke fungu 1, wazazi fungu 1, ndugu fungu 1. Mke ana mafungu 13, watoto 9. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake.

Sasa tuondoe cheti. Mali ilitolewa, kanisa lilijaa, watoto watano walizaliwa, lakini hakuna daftari. Mbele ya sheria shamba lote ni la marehemu. Watoto aliowatambua wanapata mafungu 18, wazazi 3, ndugu 3. Mwanamke aliyelima shamba hilo anapata sifuri. Ataishi juu ya ardhi hiyo kwa hisani ya watoto wake wakiwa wakubwa, au ya shemeji zake wakiwa bado wadogo. Na shemeji ndiye anayekuja kumwambia, mbele ya wazee, kwa sauti ya upole: "Mama, shamba hili ni la ukoo. Wewe ulikuja kwa ndugu yetu, na ndugu yetu ameondoka."

Ni vema kuyaweka hayo kando ya sheria ya dini. Katika fiqhi ya Kiislamu, mjane ambaye mumewe ameacha watoto anapata thumni, sehemu moja ya nane. Sheria ya Kongo inampa, katika urithi wenyewe, sehemu moja ya kumi na mbili. Ni kweli kwamba sheria ya nchi inamtangulizia nusu ya mali waliyochuma pamoja na kumwachia nyumba, na kwamba inawapa binti na mvulana mafungu sawa, jambo ambalo mirathi ya Kiislamu haifanyi. Lakini mjane wa nikahi asiye na cheti anapoteza kote: Leta haimtambui kuwa mke, na hakuna kadhi mwenye nguvu za kisheria wa kumpa thumni yake. Aliyekusudiwa kulindwa na sheria mbili anabaki hana hata moja.

Mila nayo haikuwa na maana ya kumtupa mjane. Kumrithisha kwa ndugu wa marehemu kulikuwa njia ya kumlisha yeye na watoto. Lakini njia hiyo ilimgharimu uhuru wake, na siku hizi, ardhi ikiwa haba na vijana wakiwa wengi, mara nyingi ukoo hudai shamba bila kuubeba mzigo wa mjane. Sheria ya ardhi ya 1973 imezidisha utata: ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Leta, kisha ikaiacha ardhi ya mila ikisubiri amri ya rais. Katika pengo hilo, mwenye nguvu kijijini ndiye anayesema shamba ni la nani.

Marekebisho ya 2016

Sheria ya 1987 ilikuwa na makosa mazito dhidi ya wanawake, na kwa miaka mingi vyama vya wanawake vilipigana kuyaondoa. Ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba na kumtaka mke amtii. Mke hakuweza kufanya kitendo cha kisheria kinachomfunga bila idhini ya mume: mfanyabiashara wa soko la Uvira, anayevuka mpaka kila juma na kulisha nyumba nzima, alihitaji ruhusa ya mume kusaini mkataba. Binti aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua. Katiba ya 18 Februari 2006 iliweka usawa wa mwanamke na mwanamume katika kifungu cha 14. Sheria ya kulinda mtoto ya 10 Januari 2009 ilikataza ndoa chini ya miaka 18. Mwisho Sheria namba 16/008 ya 15 Julai 2016 iliirekebisha Sheria ya Familia yenyewe: umri ukawa 18 kwa wote, idhini ya mume ikafutwa na mahali pake pakawekwa makubaliano ya wawili. Muda wa kuandikisha mtoto uliongezwa hadi siku 90. Jina la kichwa cha nyumba lilibaki kwa mume, na hilo bado linahitaji kuondolewa.

Haya ni mafanikio makubwa, na walioyapigania wanastahili shukrani zetu. Lakini karibu yote ni haki za mke mwenye cheti. Mwanamke wa ndoa ya nyumbani, wa ndoa ya kanisani au wa nikahi, na yule wa "yaka tofanda" aliyehamia kwa kijana bila mali yoyote, wote walibaki nje ya mlango.

Kijiji kilichofiwa

Katogota inajua gharama ya kubaki nje. Tarehe 14 Mei 2000, wakati wa vita vya pili vya Kongo, wanajeshi waliwaua raia wengi kijijini hapa. Mauaji hayo yamo katika Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010. Kila Mei watu wa bonde huwakumbuka na kudai haki. Haki hiyo ina upande unaosemwa mara chache. Mauaji ya namna hii huacha wajane na yatima kwa siku moja, na siku ya pili yake maswali ya sheria ya familia yanaanza: shamba ni la nani, mtoto huyu ni wa nani, nani ana haki ya kusimama mbele ya mahakama kama mke wa marehemu na kudai fidia. Bila daftari, hata kuomboleza mbele ya hakimu kunahitaji ushahidi.

Vita havikuishia hapo. Februari 2025 waasi wa M23 walifika Kamanyola, na Desemba mwaka huohuo mapigano yakashuka kwa barabara hiyo ya Katogota na Luvungi mpaka Uvira. Maelfu walivuka Ruzizi kukimbilia Burundi. Anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Karatasi hubaki, huchomwa au hulowa mtoni. Hivyo hata wale wachache waliokuwa na cheti wanaweza kurudi wakiwa sawa na wasiokuwa nacho.

Ng'ambo ya mto kuna sheria nyingine. Ukisimama Kamanyola nchi tatu ziko karibu, na watu wa pande zote wameoana tangu zamani. Rwanda iliwapa watoto wa kike na wa kiume haki sawa ya urithi kwa sheria ya 1999. Burundi, kwa sheria yake ya familia ya 1993, inataka mume awe na miaka 21 na mke 18, lakini haina sheria ya urithi, na mila ndiyo inayogawa ardhi. Mwaka 2017 serikali ya Burundi iliwaamuru wanaoishi pamoja bila ndoa rasmi wafunge ndoa kabla ya mwaka kuisha. Iliuona ugonjwa sawasawa, ila ilitibu kwa vitisho. Watu walioandikishwa kwa hofu hawajapewa haki kwanza, wamepewa amri.

Majirani wanatufundisha nini

Tanzania bara ilitunga Sheria ya Ndoa namba 5 ya mwaka 1971. Iliziweka chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za serikali, ikaruhusu viongozi wa dini wenye leseni kufungisha na kuandikisha, na ikakubali ndoa ya wake wengi kwa masharti. Lenye thamani zaidi kwetu ni kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, sheria inadhani wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Sheria hiyo pia ina doa lake: iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa; mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga ruhusa hiyo na kushinda Mahakama Kuu mwaka 2016, ushindi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019.

Kenya ilifuata njia nyingine. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano, yaani ya Kikristo, ya kiraia, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na kuzipa zote hadhi sawa, kila moja ikitakiwa kuandikishwa. Mahakama za Kadhi zimo katika katiba ya 2010. Lakini ruhusa ya mume wa kimila kuongeza mke bila ridhaa ya mke wa kwanza iliwafanya wabunge wanawake watoke bungeni kwa hasira siku ilipopitishwa. Kutambua kila desturi kama ilivyo kunaweza kuyatambua pia maumivu yaliyomo ndani yake.

Siitakii Kongo mfumo wa Kenya. Sheria moja, mume mmoja na mke mmoja, na urithi sawa kwa binti na mvulana ni misingi ninayoitetea. Ninachokitaka ni sheria hiyo moja ishuke mpaka kwenye uwanja ambapo mali inatolewa.

Kwanza, daftari liende kwa watu. Karani wa sheferi, yaani wa utawala wa chifu, akae pamoja na wazee siku ya kupokea mali, au chifu wa kijiji apewe fomu na mamlaka ya kuipeleka ofisini. Padri, mchungaji na imamu waruhusiwe kupokea tamko la wanandoa na kulituma kwa ofisa. Kufanya hivyo hakuifanyi nchi kuwa ya dini: atakayeandika bado ni Leta, na sheria inayotumika ni ileile.

Pili, bunge liingize dhana ya ndoa kama ya Tanzania. Sheria ya sasa inaruhusu hukumu ya mahakama ya amani kujazia cheti kisichokuwepo, lakini njia hiyo inamtaka mjane alipe, asafiri, alete mashahidi na ashindane na shemeji wenye uwezo kuliko yeye. Mzigo wa kuthibitisha ubebwe na yule anayekana ndoa ambayo kijiji kizima kilikula karamu yake.

Tatu, mwanamke aliyeolewa wa pili kwa nikahi au kwa mila asitupwe mtaani ili kuilinda kanuni. Watoto wake tayari wana haki sawa wakitambuliwa na baba yao. Yeye naye apewe haki ya kudai alichokichuma kwa mikono yake, bila kuihalalisha ndoa hiyo.

Nne, sheria isomeke. Imeandikwa kwa Kifaransa, na bonde linaishi kwa Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi. Tafsiri rasmi ya Kiswahili, inayosomwa redioni, kanisani na msikitini, itafanya kazi ambayo hakuna adhabu inayoweza kuifanya.

Mapendekezo haya hayahitaji mapinduzi ya imani ya mtu yeyote. Wazee wanaopokea mali, wachungaji wanaobariki na maimamu wanaosimamia nikahi wote wanasema wanataka mwanamke aheshimiwe na watoto wasidhulumiwe. Leta inasema vilevile. Basi wakutane mahali pamoja, siku ileile, mbele ya daftari moja, wakati bwana arusi bado yu hai na anaweza kutia sahihi yake. Mjane asilazimike kuutafuta ushahidi wa ndoa yake kaburini.